Jaribio Limegoma: Kutafuta Chanzo Kwenye Maabara ya Kemia ya Chuo

Chupa ya asidi imeandikwa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), mwongozo unasema bureti, lile bomba la glasi lenye vipimo na koki, itasoma 25, na darasa zima limepata 29. Kinachofuata vyuoni mara nyingi ni lawama: wanachuo hawakusuuza vyombo, hawakusikiliza maelekezo, hawako makini. Kumbe kosa lilishafanyika stoo kabla hawajavaa makoti.

Maelezo haya ni ya mkufunzi wa kemia na fundi maabara wake, hasa wa vyuo vya ualimu na mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Yamepangwa kwa dalili kwa sababu tatizo huja kwa dalili, na jina lake hulijui mpaka ulitafute. Ukaguzi una mpangilio wake: chupa kwanza, kisha maji, kisha chombo, kisha joto na kanieneo la hewa, na mtu awe wa mwisho. Sisemi hivyo kwa kuwaonea huruma wanachuo. Chupa unaikagua kwa dakika chache na inakupa jibu moja. Mtu ukimkagua atakuapia kwamba alisuuza.

Kabla hata ya chupa kuna swali: waliokosa ni wangapi, na wamekosa kuelekea upande gani? Andika matokeo ya meza zote ubaoni. Zikiwa zimepanda zote kwa kiasi kinachokaribiana, tafuta kitu wanachochangia. Zikiwa zimetawanyika juu na chini, hapo kweli ni mikono na macho. Ikiwa ni meza moja peke yake, nenda ukakiangalie chombo chao. Jedwali hilo la ubaoni huokoa mabishano mengi.

## Bureti inasoma tofauti kwa darasa zima

Chukua titresheni, yaani kupima mmumunyo mmoja kwa kuudondoshea mwingine mpaka kiashiria kibadilike rangi, ambayo karibu kila chuo kinaifanya. Kwenye flaski koni kuna sentimita za ujazo 25 za sodiamu kaboneti 0.05 M, kwenye bureti kuna asidi haidrokloriki 0.1 M, kiashiria ni methili oranji. Jibu la kitabu ni 25.00. Darasa limepata kati ya 28.8 na 29.3.

Asidi imepungua nguvu. Ile ya dukani ambayo haijazimuliwa huwa karibu asilimia 36, yaani kama 11.6 M, na fundi anapima sentimita za ujazo 8.6 kwa kila lita kwa mazoea. Lakini hiyo ni gesi iliyoyeyuka ndani ya maji. Kila chupa inapofunguliwa kwenye joto la Dar es Salaam, ule moshi mweupe unaouona mdomoni ni asidi inayoondoka. Chupa ikishuka hadi 10 M, kipimo kilekile cha 8.6 kinatoa 0.086 M, na bureti inasoma 29. Darasa limepima vizuri kabisa. Limekupa taarifa ya hali ya chupa yako.

Dawa yake haihitaji bajeti. Kausha sodiamu kaboneti isiyo na maji kwenye oveni ya nyuzi 270 kwa saa moja, iache ipoe ndani ya desiketa (chombo kilichofungwa kisichoingiza unyevu), pima gramu 1.325, yeyusha, kisha jaza hadi sentimita za ujazo 250 kwenye chupa ya ujazo. Hiyo ndiyo 0.05 M ya kuaminika. Ipimie asidi, halafu andika kwenye lebo namba uliyoipata, tuseme 0.0862 M, na tarehe, na jina la aliyepima. Wapo wakufunzi wasioipenda lebo ya namna hiyo kwa sababu hesabu haziwi nyepesi. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo: mwanachuo hawezi kulikisia jibu.

Darasa likisoma chini sana, tatizo limehamia kwenye kaboneti. Bureti ikisimama karibu na 9.3, aliyepima alitumia fuwele zenye maji. Molekuli kumi za maji zinabeba uzito mkubwa: moli moja ya fuwele ni gramu 286, wakati kaboneti kavu ni gramu 106. Fuwele hizo zikikaa wazi mahali pakavu kama Dodoma, hupoteza maji kidogo kidogo na kugeuka unga mweupe, kwa hiyo unaweza kupata jibu lolote kati ya 9 na 21 kutegemea chupa imekaa wazi muda gani. Usijaribu kukokotoa kiasi cha maji kilichobaki. Kausha upya.

Kisha kuna 17 na ushee, ambayo kwa huku kwetu ina maana yake ya pekee. Mtu amepima magadi. Magadi ya Ziwa Natron na ya Ziwa Magadi, yakiwa safi, ni mchanganyiko wa kaboneti na haidrojeni kaboneti pamoja na maji, na ya sokoni yana chumvi na udongo juu yake. Uthibitisho ni mzuri kiasi kwamba unastahili kuwa jaribio la darasa peke yake. Weka fenolfthalini kwanza, soma bureti pinki inapopotea, kisha ongeza methili oranji kwenye flaski ileile na uendelee. Kwa kaboneti safi, pinki hupotea katikati kabisa ya safari. Kwa magadi hupotea theluthi ya njia, kwa kuwa theluthi mbili zilizobaki zinamaliza haidrojeni kaboneti: ile iliyozaliwa na kaboneti na ile iliyokuwemo tangu mwanzo. Mwanachuo aliyeyaona magadi ya mama yake jikoni yakijitambulisha kwa bureti hasahau tofauti ya viashiria hivyo viwili.

Kwa upande wa sodiamu haidroksaidi habari ni fupi. Vidonge vyake hunyonya maji hewani ukiwa bado unasoma mizani, kwa hiyo uzito ulioupima si wa kuaminika hata kama mizani ina desimali nne. Ipime dhidi ya potasiamu haidrojeni fthaleti: gramu 0.51 humaliza sentimita 25 za alikali ya 0.1 M. Chupa ya zamani inakuwa pia imenyonya kabonidayoksaidi. Unaigundua kwa viashiria vilevile viwili: pima sehemu moja kwa fenolfthalini na nyingine kwa methili oranji, na usomaji ukitofautiana, tofauti hiyo ni kaboneti. Tengeneza mpya kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, hifadhi kwenye plastiki. Kizibo cha glasi kitang'ang'ania na siku moja utavunja shingo ya chupa.

## Meza moja imeachana na wenzake

Hapa usikae ofisini, nenda ukasimame nyuma yao bila kusema kitu.

Usomaji wa kwanza uko juu, wa pili umeshuka, wa tatu umeshuka tena: bureti ilisuuzwa kwa maji tu, na maji yaliyobaki yameizimua asidi. Isuuzwe mara ya mwisho kwa mmumunyo utakaoingia ndani yake. Pipeti nayo hivyohivyo. Flaski koni ndiyo isiyosuuzwa kwa mmumunyo wake. Wanachuo wengi hulikosea hili kwa kutaka usafi, na usomaji wao unakuwa juu kidogo kila mara, kwa kiasi cha matone yaliyobaki flaskini.

Usomaji mmoja umeruka kwa 0.3 au zaidi halafu mingine iko sawa: kulikuwa na kiputo cha hewa chini ya koki na kimetoka katikati ya kazi. Usomaji uko chini bila sababu: angalia juu ya bureti, faneli bado imekaa pale na imedondosha tone baada ya kusoma mwanzo. Mara nyingine tatizo ni pipeti inayopulizwa. Pipeti ya kawaida imepimwa ili lile tone la mwisho libaki ndani, na anayelipuliza anaongeza kiasi kilekile kila mara, hivyo namba zake zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe na hazikubaliani na mtu mwingine yeyote.

## Namba nzuri kupita kiasi

24.50, 24.50, 24.50. Meza ya jirani: 24.50, 24.50, 24.45. Dalili hii haiwasumbui wakufunzi wengi, na ingepaswa kuwasumbua kuliko zote. Namba hizi zimepikwa.

Chanzo chake kiko kwenye utaratibu wa kusahihisha. Ukitoa maksi kwa ukaribu na jibu la mkufunzi, na jibu la mkufunzi likajulikana kwa kupitia meza ya kwanza iliyomaliza, darasa zima litakaribia jibu hilo. Tena wataacha kuangalia bureti, maana bureti haina tena cha kuwaambia. Mwanachuo anayepika namba chuoni ndiye atakayekuwa mwalimu wa sekondari mwakani, na atawafundisha wengine kupika.

Ukiwa na asidi moja, tengeneza mimumunyo mitatu yenye ukolezi tofauti kidogo na uitie herufi, A, B na C, uigawe bila mpangilio unaotabirika. Namba zote ziandikwe kwa kalamu ya wino palepale bureti ilipo. Ikikosewa inakatwa mstari mmoja, inabaki inasomeka. Maksi ziende kwenye kukubaliana kwa usomaji wake mwenyewe, kwenye hesabu, na kwenye maelezo ya kile kilichotofautiana. Tokeo la ajabu lililoandikwa vizuri lipate maksi zake. Nchi hii ilishamcheka Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba mkoani Tanga, aliyesema mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friza ukiwa moto uliganda kabla ya uliopoa. Mwaka 1969 jambo hilo lilichapishwa kwa jina lake na la Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanafizikia bado wanalibishania.

## Pinki inatokea kisha inapotea

Hapa alikali iko kwenye bureti na kiashiria ni fenolfthalini. Pinki ikipotea baada ya nusu dakika hivi, acha. Ni kabonidayoksaidi ya hewani inayoingia flaskini, na mwisho wa titresheni ulishapita salama. Waambie wanachuo wasome mara rangi inapodumu kwa kuzungusha flaski, wasisubiri idumu milele.

Ikipotea papo hapo kwenye alikali nzito, kama pale unapoonyesha darasa sodiamu haidroksaidi yenye ukolezi mkubwa, hiyo ni tabia ya fenolfthalini yenyewe: alikali ikizidi mno, molekuli yake hubadilika umbo tena na kukosa rangi. Zimua kwa maji na pinki itarudi mbele ya macho yao. Na kama tone la kiashiria linageuza maji kuwa kama maziwa, umeweka mengi. Fenolfthalini huyeyuka kwenye spiriti, kwenye maji huwa vigumu. Matone mawili yanatosha.

## Uchambuzi wa chumvi unaojibu uongo

Sehemu hii ndiyo inayoharibu mitihani ya vitendo, na karibu kila mara ni kitendanishi (kemikali ya kupimia) kilichozeeka au maji.

Anza na maji. Chukua maji yako ya maabara kwenye neli safi, ongeza matone ya asidi nitriki iliyozimuliwa, kisha silva naitreti. Ukiona ukungu mweupe, kuna kloridi ndani yake, na kila chumvi utakayoipa darasa itaonekana ina kloridi. Kisima kirefu karibu na pwani kinaweza kukupa hali hiyo, na bomba pia. Mashine ya kunereka ikiharibika, maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja, bila kupita kwenye bati, na yakachujwa ni bora kuliko ya kisima, ingawa yana asidi kidogo kutokana na kabonidayoksaidi iliyoyeyuka. Yachemshe kwanza. Jaribio hili la neli moja lifanywe kila asubuhi ya vitendo.

Pete ya kahawia inayothibitisha naitreti haitokei, na chumvi ni naitreti bila ubishi. Angalia mmumunyo wa salfeti ya chuma(II). Unapaswa kuwa kijani hafifu sana. Ukiwa wa njano au wa kutu, hewa imeshaugeuza kuwa chuma(III), na hiyo haitengenezi pete. Utengenezwe asubuhi ileile, kwa maji yenye asidi salfuriki kidogo. Ukiwa mzuri na pete bado haipo, mwangalie anayemimina: asidi salfuriki kali inapaswa kushuka polepole kwenye ukuta wa neli iliyoinamishwa, ikatulia chini kama tabaka lake yenyewe. Akiimwaga katikati, vimiminika vinachanganyika, neli inapata moto, na pete ikitokea inavunjika kabla hajaiona.

Moto wa njano kwa kila chumvi ni sodiamu, na sodiamu iko kila mahali: kwenye vidole, kwenye vumbi, kwenye waya ambao haujasafishwa. Chovya waya kwenye asidi haidrokloriki, choma, rudia mpaka usitoe rangi. Potasiamu itafutwe kupitia glasi ya bluu ya kobalti.

Amonia inayeyusha kidogo tu yale mashapo ya bluu ya mrututu (salfeti ya shaba), haifiki bluu iliyokolea: chupa ya amonia imekwisha nguvu, kwa sababu ileile ya asidi haidrokloriki. Ikiwa huna nyingine, ongeza zaidi na uwaeleze.

Maji ya chokaa hayageuki kuwa na utusitusi yakipitishiwa kabonidayoksaidi. Tazama shingo ya chupa. Ukoko mweupe pale unakuambia kwamba chokaa imeshakutana na hewa kabla yenu. Hata yakiwa mapya hayana mengi ndani, maana kalisiamu haidroksaidi huyeyuka kama gramu 1.7 tu kwa lita kwenye nyuzi 20, na inapungua maji yakipata joto. Usiyatengeneze kwa maji ya moto ukidhani unasaidia. Weka chokaa ya ziada chini ya chupa, tikisa, acha itulie usiku mzima, chota juu. Na yale yaliyogeuka meupe kisha yakarudi kuwa safi yamepitishiwa gesi kupita kiasi, mwanachuo hakuota.

## Kitabu kinasema 100, kipimajoto kinasema 94

Hii ni ya Mbeya, ya Iringa, ya Nairobi, ya Kigali, na ya kila chuo kilichoko juu kinachotumia mwongozo ulioandikwa mtu akiwa usawa wa bahari.

Maji huchemka kanieneo lake la mvuke linapolingana na kanieneo la hewa. Mbeya mjini ni karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa hapo ina kama kilopaskali 83 badala ya 101, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94. Ethanoli, ambayo kitabu kinaipa 78, inachemka karibu na 73. Mwanachuo anayeandika 73 kwenye kuneresha ethanoli amefanya kazi safi. Anayeandika 78 hakuangalia kipimajoto.

Pana zaidi ya kuchemka. Jaribio la magnesiamu na asidi linalotafuta ujazo wa moli moja ya gesi hutoa jibu linaloonekana la kipuuzi. Gramu 0.05 za utepe wa magnesiamu, kwa kitabu, zinatoa karibu sentimita 49 za haidrojeni, kwa kutumia ile namba ya desimita za ujazo 24 kwa moli. Kwenye maabara ya Mbeya yenye nyuzi 20 gesi hiyohiyo inajaza kama 60, na ikikusanywa juu ya maji inafika 62 kwa sababu mvuke wa maji nao umo ndani ya silinda. Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 inakuwa kati ya 51 na 53. Nimeona darasa la nyanda za juu likiambiwa kwamba kosa lao la asilimia 25 limetokana na "makosa ya kibinadamu". Hakuna binadamu aliyekosea pale. Namba 24 ndiyo iliyokuwa mgeni.

Geuza tatizo kuwa somo: wape kazi ya kukokotoa kanieneo la chuo chao kutokana na ujazo wa gesi. Kuhakiki, tumia simu yenye kihisi cha kanieneo. Usichukue namba ya utabiri wa hewa bila kuuliza, kwa sababu kanieneo linalotangazwa kwa kawaida limerekebishwa lionekane kama mji uko usawa wa bahari. Ukilitumia hilo, Mbeya itakuwa na hewa ya Tanga na hesabu itagoma tena.

Gesi ikitoka kwa uvivu, hilo ni jambo lingine. Utepe wa magnesiamu uliofifia usuguliwe kwa msasa. Zinki safi inasuasua mpaka uitie tone la mrututu. Mawe ya chokaa kwenye asidi salfuriki yanaanza vizuri kisha yanazima, yamejifunika kwa kalisiamu salfeti, tumia haidrokloriki.

## Onyesho limekufa mbele ya darasa

Chemchemi ya amonia ni onyesho zuri kuliko mengi, na ndilo linalomuaibisha mtu mara nyingi zaidi. Flaski ya mviringo imejazwa amonia, imegeuzwa juu chini, maji yenye kiashiria yanatakiwa yapande kwenye bomba kwa nguvu na kubadilika rangi. Hayapandi. Au yanapanda inchi mbili na kukaa.

Unyevu ndio wa kwanza kushukiwa. Ujazo mmoja wa maji kwenye nyuzi 20 unameza kama ujazo 700 wa amonia, kwa hiyo matone machache yaliyobaki ndani ya flaski yanatosha kuimaliza kabla hujaanza. Flaski ikauke kwenye oveni, sio kwa kitambaa. Cha pili ni kikaushio: ukikausha gesi kwa kalisiamu kloridi, hiyo inaungana na amonia yenyewe na kuila. Tumia kalisiamu oksaidi. Cha tatu ni kizibo kinachovuja. Mafuta kidogo ya mgando yanakiziba. Flaski iwe ya kitako cha mviringo tu, maana ya kitako bapa inaweza kupasuka hewa ikiibana kwa nje.

Chemchemi ikisimama katikati, usiifiche. Sehemu ambayo maji hayakuijaza ilikuwa hewa. Waulize wakadirie ni asilimia ngapi ya flaski ilikuwa amonia kweli, na onyesho lililoshindwa linakuwa kipimo.

Chupa ya bluu, ile ya glukosi, alikali na methilini bluu, inagoma kwa namna mbili. Rangi ya bluu haiondoki: mtu ameweka sukari ya chai badala ya glukosi, na sukari hiyo hairedyusi, yaani haiwezi kuiondoa bluu hiyo, au alikali imekwisha kwa kunyonya kabonidayoksaidi, au ni asubuhi ya Juni huko Njombe na mmenyuko uko polepole kwa baridi, upashe joto kidogo. Rangi ya bluu hairudi ukitikisa: umeijaza chupa mpaka juu na hakuna oksijeni ya kuifanya irudi. Acha nusu tupu. Kufikia mchana mmumunyo utakuwa wa njano, umwage.

Povu la haidrojeni peroksaidi linapokuwa dogo, peroksaidi imejioza yenyewe kwenye rafu. Ile ya duka la dawa ya asilimia 3 huitwa ya ujazo 10, maana sentimita moja inatoa karibu sentimita 10 za oksijeni. Ipime hivyohivyo: sentimita moja, manganisi dayoksaidi kidogo, silinda juu ya maji. Ukitumia hamira badala yake, iamshe kwa maji ya uvuguvugu; ya moto yanaiua. Asilimia 6 inatosha darasani, hakuna sababu ya kutafuta kali zaidi ili povu lifike dari.

## Wanashangilia, hawaelezi

Onyesho limefaulu, simu zote zimenyanyuliwa, na kwenye jaribio la wiki inayofuata hakuna anayeweza kusema kilichotokea. Hii nayo ni hitilafu ya kutafutiwa chanzo, ingawa hakuna chombo kilichovunjika.

Kwa kawaida mkufunzi alieleza kwanza, akaonyesha baadaye, na darasa likawa watazamaji wa jambo wanalolijua mwisho wake. Geuza. Waonyeshe vifaa, waandike kwa dakika mbili wanachotarajia na kwa nini, wanyanyue mikono kwa kila jibu, kisha ndipo ufanye. Choma utepe wa magnesiamu ndani ya krusibo na uulize kabla: mabaki yatakuwa mepesi au mazito kuliko utepe? Wengi wanasema mepesi, kwa sababu kuni na karatasi huisha zikiungua. Mizani ikisema mazito, kelele inayotoka hapo ni ya mabishano, na hiyo ndiyo unayoitaka. Kisha badilisha kitu kimoja tu na ufanye tena. Onyesho lisilorudiwa kwa badiliko moja halifundishi mengi.

Sababu nyingine ni ndogo na ya aibu: waliokaa nyuma hawakuona. Neli ya sentimita 15 haionekani kutoka safu ya tano. Tumia bika kubwa, karatasi nyeupe nyuma yake, au kamera ya simu iliyounganishwa na projekta.

## Onyesho la kuachana nalo

Dalili: moto wa rangi kwenye sahani za methanoli umefifia, na mkufunzi anataka kuongeza kidogo kutoka kwenye chupa. Hapo hakuna utatuzi, kuna kusimama. Mvuke wa methanoli hushika moto kabla kimiminika hakijafika sahanini, moto unarudi ndani ya chupa, na chupa inautema kuelekea kwa waliokaa mbele. Mwali wake kwenye mwanga wa mchana karibu hauonekani, kwa hiyo sahani inayodhaniwa imezimika inaweza kuwa bado inawaka. Oktoba 2014 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilitoa onyo maalumu baada ya ajali za maonyesho ya moto mwaka huohuo huko New York, Reno na Denver, zote zikihusu methanoli na zote zikiwa na watoto au vijana walioungua.

Rangi hizohizo unazipata kwa vijiti vya mbao vilivyolowekwa usiku kucha kwenye mimumunyo ya chumvi, kimoja kimoja kwenye mwali wa taa ya Bunsen: mrututu kwa kijani, kalisiamu kloridi kwa nyekundu ya matofali, potasiamu kloridi kwa zambarau. Kijiti kikianza kuungua chenyewe kichovye majini. Taa ya spiriti pia inafaa ikiwa huna gesi, ila ijazwe ikiwa imezimwa na imepoa, na chupa ya kujazia irudi stoo kabla ya kiberiti cha kwanza.